Nguzo Walizorudisha Ukingoni

Viatu vyangu vya kwanza nilivibeba zaidi ya nilivyovivaa. Baba alininunulia sokoni Muthetheni, vyeusi, vikubwa kunishinda, vimejazwa makaratasi kwa mbele, na sheria yake ilikuwa moja tu: viatu ni vya kanisani. Njiani miguu itajijua. Basi Jumapili ungetuona, mimi na ndugu yangu mkubwa, tumening'iniza viatu shingoni kwa kamba, tunavuka mto peku, mchanga umeshika moto hadi narukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa. Ndugu yangu hakuruka. Alikuwa na nyayo za punda, na alinicheka mpaka ng'ambo.

Mto wetu ukimwonyesha mgeni, atauliza maji yako wapi. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Lakini maji yako chini. Tulikuwa tunachimba kwa mikono, tunangoja kidogo, yanajikusanya safi na baridi, tunaosha miguu, tunavaa viatu, tunapanda kanisani tukiwa watu. Padri wa wakati huo alipenda sana kuhubiri juu ya Musa na mwamba. Mimi shule niliachia darasa la tatu, na mahubiri pia nilikuwa nasinzia, lakini hiyo ya maji kutoka mahali pakavu sikuiona kama muujiza. Sisi tulikuwa tumetoka kuyanawa.

Nimeanza mbali. Nilitaka kuzungumza juu ya machungwa yangu.

Hayo maji ya mchangani ndiyo yaliyotulea. Tulipokuwa tumeshaoa, mwethya wa kijiji, lile kundi la majirani wanaolima leo kwako na kesho kwangu, ulijenga ukuta wa mawe kukata mto. Mvua ikija, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanalala ndani yake ambapo jua haliyaoni. Pembeni tukachimba kisima kifupi, tukawekewa pampu ya mkono. Ilikuwa inalia kama punda. Marehemu mke wangu alisema ile pampu ndiyo ilimpa mabega ya mwanamume, na alisema hivyo akinitazama mimi na mabega yangu.

Halafu ikaja stima. Nisidanganye mtu, ilikuwa tamu. Wafadhili walichimba kisima kirefu juu kilimani, pampu ya stima ikashushwa ardhini, tangi likasimamishwa. Nguzo za stima zikafuata ukingo wa mto, kwa sababu ndiko lori lingeweza kufika bila shida. Unafungua mfereji, maji haya hapa. Ndipo nikapanda machungwa, miche ya kupandikizwa kutoka Kathiani, shamba lote la chini, pale nilipokuwa nalima mahindi ya kulisha ndege. Nikaambia kila mtu: uzee wangu ni huu mnaouona. Sikuwa na mwingine.

Siku ya kufungua mradi ndipo tulipoharibu. Fundi aliyesimamia kazi, msichana mmoja mpole wa miwani, alikuwa ametuambia, "Wazee wangu, ile pampu ya mkono msiitoe. Stima ina siku zake." Tukaitikia vizuri kabisa. Lakini wageni wakubwa walikuwa njiani, na ndugu yangu, sasa mwenyekiti wa kamati ya maji, akashikwa na aibu.

"Waje watukute bado tunapiga pampu kama watu wa zamani? Watasema hata hatukuwa na haja ya mradi."

Mwethya ukaitwa asubuhi hiyo hiyo. Pampu ikang'olewa kwa nyimbo na makofi, mabomba yake yakaenda kuwa magoli ya uwanja wa shule, kisima kikafunikwa na kupakwa chokaa. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaweza kung'oa maji yao wenyewe ili boma lipendeze mgeni akija kunywa chai.

Zamani mtu akishika beleshi mtoni, akina mama walimfukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Sasa maji yako kwa mfereji, mchanga umebaki mchanga tu. Wauza mchanga wakaja na malori. Kamati ikakubali, na ndugu yangu mwenyewe akawakatia njia kwenye ukingo, chini ya zile nguzo. Mto wetu ukaenda kujenga magorofa ya mjini, Syokimau. Nikimuuliza, ananiambia, "Mwanaa mwaitu, kwani wewe unakunywa mchanga?" Mwanaa mwaitu ni mtoto wa mama yangu. Ukiitwa hivyo, unaacha kugomba.

Kisha mvua zikapotea, msimu baada ya msimu. Stima ikaanza kuja na kwenda. Redio ikasema mabwawa makubwa yanayozungusha mitambo yamekauka. Kumbe stima nayo inakunywa maji! Maji yetu yanangoja stima, stima inangoja maji, na machungwa yangu, yaliyokuwa yameanza kushika matunda, yanangoja wote wawili.

Na mvua iliporudi ilirudi na ubaya. Ilishuka alasiri moja, mto ukapita mwekundu, ukala ule ukingo uliokatwa, nguzo zikalala majini pamoja na nyaya zake. Maji mengi namna ile, na yote yakaenda zake. Ukuta wa mawe ulisimama, lakini nyuma yake kulibaki dimbwi la matope, jua likalimaliza. Mchanga mpya ulioletwa na mafuriko, malori yaliuchota hata haujakauka. Mimi nikawa nabeba maji kwa punda wa kukodi kutoka mbali, nagawia miti vikombe kama wagonjwa. Matunda yakaanguka yakiwa kama goroli.

Mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa kanisa. Yule fundi alirudi. Akasema nguzo zipitishwe juu kilimani, pampu iongezewe sola, pampu ya mkono irudishwe, na mto upumzishwe malori mpaka mchanga ujae tena. Ingechukua misimu kadhaa.

"Misimu?" ndugu yangu akasema. "Watu wanataka maji wiki hii. Nguzo zirudi pale pale. Njia iko tayari."

Mama mmoja mjane, jirani yangu, akasema bila kusimama, "Hata mafuriko yanaijua hiyo njia, mwenyekiti."

Watu wakacheka. Nami nikasimama. Nikasema sitaki mambo mengi, nirudishieni pampu ya mkono tu, hata ikitoa ndoo moja kwa siku, nitaipiga mwenyewe, niokoe machungwa yaliyobaki.

"Na watoto?" ndugu yangu akauliza. "Wafunge magoli kwa matawi ya machungwa yako?"

Hapo walicheka zaidi. Walicheka hata wale tuliobeba nao mawe ya ukuta. Ndugu yangu akasema anayetaka nguzo zirudi ukingoni ainue mkono, na mikono ikapanda kama shule. Mjane peke yake alikaa ameikunja yake. Fundi akafunga mkoba wake polepole.

"Mwanaa mwaitu," ndugu yangu akaniita, amechangamka, "inua mkono tumalize, chai inapoa."

Nikachukua kofia yangu. Watu walinipisha wakidhani naenda haja.

"Wewe! Utarudi tu!" ndugu yangu akanipigia kelele. "Maji utayatoa wapi?"

Nilishuka ngazi za kanisa. Nikapita kando ya shamba la chini, majani yamejikunja, yamekuwa rangi ya udongo, sikusimama hata kugusa moja. Nikapanda mpaka barabara kuu, na huko kwetu sijakanyaga tena.