Nilivyoutoa Usumba Kwenye Hesabu za Mtambo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mipango lilikuwa salamu. Nilishinda wiki nzima nikizitengeneza salamu za ujumbe wa simu, nafuta, naandika upya, na sikutumia hata dakika moja kuuliza kumbi la nazi hukaa matopeni muda gani kabla ya kuwa usumba. Nalitaja mapema ili anayeanza kazi hii asidhani anafundishwa na bingwa.

Wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa wamestaafu. Mimi sijafika miaka thelathini. Lakini mwezi huu naiacha meza ya mipango na kuhamia tawi letu la Mariakani, na anayekuja kukaa hapa amejifunza kama mimi, kwa video za simu, bila cheti. Meneja wa Uzalishaji ameniagiza nimwandikie anayopaswa kujua. Nilianza kwa kueleza vitufe vya kompyuta, kisha nikaona vitufe havijapata kumponza mtu hapa.

Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya mji wa Kilifi. Hutengeneza mazulia ya mlangoni na magodoro ya usumba, yaani zile nyuzi za kumbi la nazi. Siku ya kwanza niliingia kama kibarua wa stoo, shati limepigwa pasi hadi kwenye mishono. Mkuu wa Stoo, mtu wa Malindi mwenye ulimi, alinitazama toka juu hadi chini.

"Harusi ya nani leo?" akaniuliza. Kisha akanipa ufagio.

Stoo ndiko nilikopata tabia ya kuhesabu mapipa ya gundi mara tatu, halafu nikifika nyumbani naanza kuitilia shaka hesabu ya tatu. Baadaye nikahamishiwa ununuzi, chini ya Afisa Ununuzi, mama mpole aliyeagiza kila kitu kwa kupiga simu. Alipostaafu, kiwanda kikanunua programu ya kupanga uzalishaji. Meneja akauliza nani anaijua. Hapakuwa na anayeijua. Mimi nilikuwa nimeitazama tu kwenye video, nikanyosha mkono.

Programu hii, ambayo sote twaiita mtambo, hufanya kazi hivi. Kila alfajiri hutazama maagizo ya wateja. Hufungua mchanganuo wa kila bidhaa, ambao ni kama mapishi: zulia moja lataka usumba kiasi gani, gundi kiasi gani, rangi kiasi gani. Huzidisha, hutoa kilichomo stoo, na kinachopungua hukiagiza wenyewe kwa kumpelekea muuzaji ujumbe wa simu. Ili mtambo ujue uagize lini, kila malighafi ina ukurasa wake wenye nafasi ya siku za kusubiri. Kwa gundi niliandika siku za lori kutoka Mombasa. Kwa usumba niliandika siku mbili, kwa sababu nilikuwa nimemwona Afisa Ununuzi akipiga simu Takaungu na baada ya siku mbili mzigo uko mlangoni. Sikujua kwamba alikuwa akipiga simu baada ya kuambiwa kuwa mzigo uko tayari.

Usumba wetu hutoka kwa kina mama wa Takaungu. Hufukia makumbi mashimoni, kwenye matope ya ufuoni, na kwa miezi mingi maji yanapanda na kushuka juu yake hadi nyama ya kumbi ioze na nyuzi zilainike. Ndipo hufukua, wakaponda kwa virungu, wakaosha na kuanika. Kila mama ana shimo lake na la mwenzake haligusi. Kiongozi wao ni Bi Mwanaisha.

Basi hoteli moja ya Watamu ikaagiza mazulia mengi kwa mpigo. Alfajiri mtambo ukapiga hesabu, ukaona usumba hautoshi, ukampelekea Bi Mwanaisha ujumbe wangu uliokamilika: "Assalaam alaykum. Twatumai wewe na wenzako mmeamka salama. Kwa heshima na taadhima twakuomba utuletee usumba mizigo arobaini ifikapo Ijumaa. Mola akujaalie kheri." Kesho yake, kwa kuwa usumba bado ulipungua, ukaomba tena. Kesho kutwa ukaomba tena. Mimi nilikuwa nikiona alama ya kijani kwenye skrini na kujisifu kimoyomoyo.

Alhamisi lori likafika. Mkaguzi wa Ubora akavuta nyuzi chache, zikakatika vipande vigumu vyekundu.

"Huu si usumba," akasema. "Hili ni kumbi lililooga."

Bi Mwanaisha alikuwa amekuja na mzigo. Akashuka taratibu, akajifunga leso vizuri, akauliza nani mwandishi wa ujumbe. Nikajitokeza.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ndiwe mwenye salamu?"

"Ndimi."

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

Sikumwelewa. Akaniangalia kama mtu anayemkagua mgonjwa.

"Mtu aniamkia hivyo siku tatu, aniomba kwa taadhima, aniombea kheri. Tukakaa tukasema, huyu kijana ana jambo zito. Labda kazi yamtoka. Mtu akikuomba kwa adabu vile, utamwambia la? Tukafukua."

"Mmefukua mashimo yote?"

"Yote. Tumeponda la kwangu na la Bi Saumu. Mengine yako juu ya mchanga, yatungoja."

"Bi, si mimi niliyeomba. Ni mtambo."

"Mtambo wajua kuamkia?"

"Nimeufundisha mimi."

"Umeufundisha vizuri," akasema. "Ungeufundisha na kungoja."

Kumbi lililotolewa matopeni kabla ya wakati, likipigwa na jua, hukakamaa. Likishakauka, hata ukilifukia tena halilainiki. Makumbi yale yakikauka, kina mama wale hawangekuwa na kitu hadi mashimo mapya yaive, na sisi tungekuwa na kiwanda cha gundi na rangi. Nilikwenda kwa Meneja nikamweleza yote, nikingoja aniambie nikachukue mkoba wangu. Aliniacha nimesimama, akamgeukia Bi Mwanaisha.

"Maji yajaa saa ngapi leo?"

"Baada ya adhuhuri."

"Basi mwangoja nini hapa?"

Lori likageuzwa. Watu wa stoo wakapanda na majembe, nami nikapanda na shati langu la pasi. Mkuu wa Stoo akanisogezea nafasi akicheka. "Leo ndiyo harusi yenyewe," akasema.

Huko ufuoni makumbi yalikuwa yamelala safu kwa safu. Kina mama walikuwa wameyafunika kwa makuti na magunia mabichi. Baada ya kuuona mzigo wa kwanza ulivyopondeka vibaya, walishaanza kuingiwa na wasiwasi. Yalikuwa bado na unyevu ndani. Tukachimbua mashimo, tukayapanga, tukafukia. Mimi nilikuwa nikinyosha kingo za shimo langu kwa jembe, ziwe sawa pande zote.

"Ewe baba, wafukia makumbi au wajenga msikiti?" Bi Saumu akanipigia kelele.

"Mwacheni," akajibu Bi Mwanaisha. "Huyo ndiye aliyeufundisha mtambo adabu."

Walicheka hadi mmoja akakaa matopeni. Nami nikacheka, nikaacha kunyosha kingo, na kazi ikaenda. Maji yalipofika yalifunika shimo la mwisho tukiwa tumesimama ndani yake hadi magotini. Kama makumbi yamepona au la, hapakuwa na wa kutuambia. Ilibidi kungoja.

Usumba mbovu uligandishwa kwa gundi kuwa vikopo vya kuoteshea miche, vikanunuliwa na mwenye kitalu wa Marafa. Hoteli ikakubali kupokea mazulia kidogo kidogo.

Siku iliyofuata nikakaa mbele ya mtambo. Kwa hofu niliufuta usumba kwenye mchanganuo wa zulia, usionekane kabisa. Mkuu wa Stoo akaja na karatasi yake ya kutoa mali. "Hapa pasema gundi na rangi tu. Siku hizi twauza zulia la kupaka?" Hapo nikajifunza jambo ambalo namwachia mwenzangu: malighafi huiondoi kwenye mapishi. Unaiacha humo, ili stoo iendelee kuihesabu na kuitoa, ila kwenye ukurasa wake, palipoandikwa aina ya upangaji, unachagua "isipangwe". Mtambo utajua kuwa zulia lataka usumba, lakini hautamwagiza mtu.

Kisha nikazidisha. Wiki ile niliiwekea "isipangwe" gundi, rangi, hata uzi wa kushonea, kila kilichowahi kunitia wasiwasi. Meneja alipoona mtambo umenyamaza akaniita.

"Lori la gundi latii siku ulizoandika?"

"Latii."

"Basi uache mtambo uiagize gundi. Toa kile tu kisichotii, na ukishakitoa, ni chako wewe. Uko tayari kukifuata kwa miguu?"

Nikarudisha vyote, nikabakisha usumba peke yake.

Nilianza kwenda Takaungu. Mara za kwanza nilikuwa nikiuliza habari za mashimo kabla hata sijakaa, na Bi Mwanaisha alikuwa akinijibu kwa kahawa. Siku walipoyafukua tena sikualikwa; nilikwenda tu. Aliponda kumbi la kwanza, akasuuza, akavuta, na nyuzi zikaja ndefu, laini, hazikatiki. Akaniwekea fungu mkononi bila neno, akaendelea na la pili. Fungu lile liko kwenye meza ninayoiacha.

Tangu hapo mtambo hauagizi usumba. Mwenye meza hii huenda Takaungu kila mwezi, huamkia kwa mdomo wake, huuliza mashimo yamefikia wapi, ndipo anarudi kuwaahidi wateja. Na gundi huagizwa kwa mstari mmoja, bila salamu.