Fundo la Mashoto

Siku mume wangu alipofariki nilikuwa nimebandika maharage, na jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa maharage. Alianguka asubuhi mlangoni mwa choo, presha, vijana wa jirani wakambeba hadi kwenye bajaji, na bajaji ikageuza njiani kabla ya kufika hospitali. Nilipoiona inarudi pole pole nikaingia jikoni kuepua chungu. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Maharage yalikuwa yanaungua.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza nyavu za mkono, hapa hapa Ujiji, kwenye baraza ya nyumba. Sisemi zile nyavu kubwa za dagaa. Huu ni wavu mdogo wa kumpokelea samaki ambaye ndoano imekwisha kumnasa: duara la mti lenye umbo la yai, mpini mfupi, na mfuko wa nyuzi unaoning'inia chini yake. Yeye alikuwa wa mti, mimi wa nyuzi, na hatukuingiliana. Nikijitia kumshauri kuhusu mti, aliniuliza kama nimemaliza mfuko.

Kila wavu ulikuwa na mwenyewe kabla haujaanza. Mume wangu alimkalisha mteja barazani, akampima kwa kijiti kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na huo ndio uliokuwa urefu wa mpini. Kisha alikwenda kwao Simbo kutafuta ufito. Aliuchonga mpaka ukawa mwembamba, akauloweka kwenye maji ya moto, akaukunja kuzunguka kalibu, yaani ubao mnene uliochongwa kwa umbo lile la yai, akaufunga na mpini wake pale pale kwa kamba fupi fupi za katani pande zote. Halafu kalibu ilitundikwa juu ya meko ikaushwe na moshi. Aliitundika chini mno, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mfupi. Niliigonga kwa kichwa mara nyingi, nikapiga kelele mara nyingi, mwisho nikajifunza kuinama.

Mti mbichi haufunguliwi, maana unanyooka. Unasubiri. Ukikauka unanywea, na kamba zinalegea zenyewe. Hapo ndipo unajua kwamba duara litakaa.

Kitu kingine: alikuwa mashoto. Mafundo yake yalikwenda upande usio wangu, na nilikuwa nikimtania kwamba yamefungwa na mtu anayeishi ndani ya kioo.

Alipofariki, juu ya meko palikuwa na kalibu moja. Wavu huo ulikuwa wa mzee mmoja wa Kigoma mjini, mstaafu wa reli, ambaye uzeeni amejifunza kuvua kwa fimbo ndefu na ndoano iliyofungwa manyoya ya kuku ili ifanane na mdudu. Anasimama kwenye mawe, anamnasa samaki, kuhe mkubwa wa kutosha familia nzima, anamtazama, kisha anamrudisha ziwani. Ndiyo maana alitaka mfuko laini, usimkwaruze samaki. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo, mzee wangu, unakwenda kuwasalimia?"

"Ndiyo," mzee akajibu bila kutabasamu. "Nawasalimia tu."

Nikaingia eda. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaja kutoka Simbo kukaa nami. Wageni walijaa. Walinikumbatia, wakalia begani kwangu mpaka kanga ikalowa, nami nikawapigapiga mgongoni kama mwenye nyumba anavyopaswa. Shehe alinisifu kwa subira. Haikuwa subira, maana hapakuwa na kitu cha kusubiria. Ukikalia mguu wako kwa muda mrefu, unauona upo, unaugonga kwa ngumi, lakini si wako. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

"Lia, wifi," dada wa marehemu aliniambia. "Yatakugeukia ugonjwa."

"Nitalia. Ngoja nimalize vitunguu."

Hakucheka. Shangazi zake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba pengine nina sababu yangu ya kutolia. Binadamu bwana. Siku nyingine yoyote ningetoka nje niwajibu mpaka watafute viatu vyao, maana mdomo ninao. Safari hii niliwapelekea chai.

Mashati yake niliyaacha yagawiwe. Viatu pia, na redio. Kalibu sikumruhusu mtu aiguse. Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake, na nilijua kwamba siku ikishuka pale juu, ndiyo basi. Nilipika chini yake asubuhi na jioni, nikiinama kuikwepa.

Mzee wa reli akapiga simu.

"Mama, pole sana kwa msiba. Sipendi kukusumbua, ila nauliza kuhusu ule wavu."

"Shikamoo, mzee. Upo. Mti bado mbichi."

Siku ile ilikuwa kweli. Baadaye, nikiwa nakoroga uji, niliona kamba moja imelegea. Nikapanda kwenye kigoda, nikaifungua, nikaifunga upya kwa nguvu. Wiki nyingine ikalegea ya pili, nayo nikaifanya vile vile. Sikusimama kufikiri. Nilikaza huku naongea na wifi habari za bei ya mawese, nani anachanganya na maji na nani hachanganyi. Mzee akipiga tena namwambia bado mbichi, na sikuona kama nasema uongo. Si kamba zimebana? Kamba zikibana, mti ni mbichi.

Eda ikikaribia kwisha, ikalegea ya mwisho, ile ya shingoni, pale duara linapoingia kwenye mpini. Nikaipapasa nikitafuta pa kuanzia, vidole vikapotea njia. Fundo lilikuwa limegeukia upande wa pili. Nikaliachia. Nikachukua ncha ya kanga, nikafuta masizi kwenye yale mengine, moja moja, kuzunguka kalibu nzima. Yote yalikuwa ya mkono wa kulia. Yote yangu.

Nilijiona mlinzi, kumbe nilikuwa nimeifungua kazi yake fundo kwa fundo, kwa mikono yangu mwenyewe, nikisimulia mawese.

Nikashuka kwenye kigoda. Nilijua kwamba hapa ndipo mtu analia, nikasimama nikingoja. Hakikuja kitu. Nikamwambia wifi uji umekuwa mzito, tuongeze maji.

Siku chache baada ya kutoka eda, mzee wa reli hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akasimama barazani na kofia mkononi.

"Sikuja kudai, mama," akasema. "Nimekuja kuusalimia tu."

Ningeweza kumwambia bado mbichi. Nilimtazama yule mzee, nikamwambia akae. Nikaenda jikoni, nikaishusha kalibu, nikaiweka sakafuni. Kamba zangu nilizifungua haraka, nikazitupia kuni. Duara halikusogea hata kidogo. Lilikuwa limekauka zamani, lilikuwa halihitaji kamba ya mtu yeyote. Ilipobaki ile ya shingoni nikachukua kisu, nikakata huku na huku, fundo lenyewe nikaliacha zima. Nikalifunga kwenye pindo la kanga, pale ninapofunga hela.

Mfuko, niliokuwa nimekwisha kuufuma, niliushona kwenye duara palepale mbele yake. Alipoupokea wavu akaulaza mpini juu ya mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ulikuwa sawasawa.

"Alinipima vizuri," akasema.

"Alikuwa anapima vizuri," nikasema. Akaondoka na bajaji, wavu umelala mapajani.

Nikarudi jikoni. Wali ulikuwa motoni, nikasogea kuufunua, na nilipofika kwenye meko nikainama kuikwepa kalibu.

Haikuwepo. Palikuwa na moshi na msumari. Nilibaki vile vile nimeinama, shingo imepinda, nikimkwepa mtu aliyeondoka, na mkono ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga ukalishika lile fundo. Ndipo kilio kikaja. Kilianzia tumboni, kikatoka na sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, nikaangukia magoti kwenye majivu na kifuniko mkononi.

Wifi alikuja mbio kutoka uani, mikono ina povu la sabuni.

"Mana yanje! Mungu wangu! Kuna nini? Wifi, umepigiwa simu? Nani amefariki?"

"Mume wangu," nikamwambia. "Mume wangu amefariki."