Mwavuli wa Kapteni

Bwana mmoja hukusanya hati za wafalme wa kale za mishahara ya maofisa wa jeshi, na huko ndiko anakokuita kazini. Hati mpya ikifika, bwana hunawa mikono mpaka viwikoni, huipunga hewani ikauke, kisha husoma kwa sauti ya unyenyekevu, utadhani mfalme mwenyewe kaketi sebuleni: kapteni alipwe kiasi hiki, na farasi wake apewe shayiri. Anajua farasi wa karne tatu nyuma alikula nini. Chumvi ya nyumbani kwake inakaa wapi, hajui. Juzi mchana mvua ikapiga, na lile paa ambalo ataliziba wiki ijayo, kila wiki, likavuja kama chujio. Mkewe alikuwa ameshafungua mwavuli humo humo sebuleni. Bwana akampokonya, akaushikilia juu ya kabati la hati, akasimama wima kama mlinzi wa ikulu.

"Na mimi je?" mke akauliza, maji yakimchuruzika shingoni.

"Wewe ukilowa utakauka, mke wangu. Kapteni akilowa ndiyo basi tena."

Mke akajipangusa uso, akaenda jikoni, akazima jiko.

"Haya. Leo kapteni atakupikia."