Mto Uliponyooka

Dobi Povu alifua mtoni miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuwahi kusuuza shuka kwa mikono yake. Alikuwa anaifunga kwenye kamba, kamba kwenye mti, halafu anauachia mto uivute. Yeye anakaa kwenye jiwe lake akiangalia sabuni ikienda zake.

Pale mto ulijikunja kama mkono wa ndoo. Unaondoka, unazunguka mbali, unarudi karibu pale pale ulipoanzia. Kati ya kuondoka na kurudi kulikuwa na shingo ya ardhi, na kila masika maji yaliitafuna, huku yanatafuna na kule yanatafuna, mpaka mtu akawa anaivuka kwa hatua kumi. Mwaka wa mvua kubwa ikakatika. Mto ukapata njia ya mkato, na kama mtu yeyote mwenye haraka, ukaishika hiyo hiyo.

Madobi wenzake watano wakabeba mawe yao wakaufuata. Povu akabaki.

"Utarudi," akawaambia. "Umeenda kutembea tu."

Haukurudi. Shuka zikaanza kuvutwa kivivu, kisha zikawa zinaning'inia tu majini. Matope yakaziba mdomo wa juu wa ile kona, baadaye na wa chini. Maji yaliyobaki ndani yakatulia, yakawa ya kijani pembeni, vyura wakahamia. Wapita njia wakaanza kupaita ziwani.

Wateja wakapungua bila kuaga. Ikabaki nyumba moja ya wageni, na hiyo ni kwa sababu mpishi wake alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja na mzigo kichwani, akakaa nusu saa, akaongea mpaka basi. Siku nyingine Povu hakuwa na mtu hata wa kumwambia pole. Kwa hiyo shuka zilipoanza kunuka tope, alinyamaza. Akaongeza sabuni. Akaongeza ndimu.

Alhamisi moja shemeji akatua mzigo, hakukaa.

"Mgeni wa chumba namba nne ameuliza kama tunafuga kambare kitandani."

"Mwambie ni mboga ya bure hiyo."

Shemeji hakucheka. "Bosi kasema mzigo huu ukirudi na harufu, ndio wa mwisho. Na mimi nimechoka kukutetea. Unasubiri nini hapa, shemeji?"

"Maji."

"Hebu nenda kaangalie kule juu, halafu ndio unijibu."

Akaenda. Pale mto ulipokuwa unaingilia alikuta mchanga umeshikamana, nyasi zimefika magotini, njia ya mbuzi imepita katikati. Akakanyaga mara mbili kwa nguvu. Ardhi kabisa. Ng'ambo ya nyasi mto ulikuwa unapita mbio, kama haujawahi kumfahamu.

Akarudi kuchukua mzigo, akaenda nao huko.

"Karibu, mzee wa ziwa!" dobi mmoja akasema. "Nafasi iko pale chini."

Pale chini ndipo sabuni yao yote ilipopita. Povu akangoja mpaka saa kumi, wote wakaanua, wakaondoka, maji yakawa safi. Akafunga kamba. Shuka ikavutwa ghafla, nusura impokonye kamba mkononi. Akaangua kicheko, kisha akageuka kutafuta wa kucheka naye.

Jumatatu akazipeleka mwenyewe. Kumbe pale anapofulia sasa ni nyuma tu ya jiko la nyumba ya wageni. Shemeji akanusa shuka ya juu, ya katikati, ya chini.

"Haya, umepona! Na umeniokolea magoti yangu. Kule kwako mbali, shemeji, sikutaka tu kukwambia. Sasa mzigo nitauacha hapa mlangoni, utakuwa unajichukulia."

"Kweli ni mbali," Povu akasema.

Ndani mtu akaita kwamba sufuria inafurika. Shemeji akakimbia. Povu akangoja kidogo, labda atatoka tena. Mlango wa jikoni ukasukumwa kwa mguu kutoka ndani, ukafungwa.