Mwari Anayetazama Roshani

Mimi ndiye ninayepaka gundi. Nasema mapema, mtu asije akadhani namsifu Odalie Fazende kwa sababu ananilipa. Halipi yeye, na tena akishika penseli hana adabu hata chembe. Utamwambia, "Odalie, maharage yanapoa," naye, bila kusikia vizuri, atakujibu, "Mwambie aketi, nakuja."

Karakana yetu iko New Orleans, karibu na mto, na tunatengeneza magari ya gwaride la kanivali. Odalie huchora. Seremala wetu, Mzee Octave, hujenga mbao kwa kufuata mchoro. Mimi na wenzangu tunabandika karatasi juu ya mbao mpaka zigeuke kuwa mnyama. Siku ya gwaride trekta huvuta gari, wanachama wa chama chenye gari husimama juu yake wamevaa vinyago, wanarushia watu shanga kulia na kushoto, na jiji zima linapiga kelele.

Odalie alipoingia kwetu bado msichana, alikuwa na mkono mzuri wa kunakili picha, na alijua hivyo. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa farasi. Octave akaitazama karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma yake.

"Huku hakuna kitu," akasema.

"Hiyo si karatasi tu, Mzee Octave?"

"Na misumari nipigilie wapi? Farasi gani huyu ana ubavu mmoja? Amegongwa na tramu?"

Tulicheka sana. Odalie aliondoka analia, akarudi kesho yake na yai la kuchemsha, boksi la viatu na kipande cha bomba. Akavipanga mezani na kuvichora. Akavigeuza, akavichora tena, kwa mbele, kwa nyuma, kwa chini. Wenzangu wakawa wanamwuliza kama yai limeshakubali kukaa sawa. Alivichora hadi hakuhitaji tena kuviona. Siku hizi ukimwambia, "Odalie, nataka ng'ombe anayepiga tarumbeta," atachora yai la kiwiliwili, sanduku la kichwa na mabomba ya miguu, atamgeuzageuza ng'ombe huyo akilini kama chungwa mkononi, kisha ndipo amtie pembe na macho.

"Kila kitu ni yai, sanduku au bomba," husema. "Yanayobaki ni mapambo."

Alimweleza hivyo hata mchumba wake, na yule bwana akamwoa vilevile. Mapenzi ni upofu.

Mara moja tu aliiacha njia yake. Kapteni, yaani kiongozi, wa chama kimoja cha gwaride, Bwana Numa Delery, alileta picha ya mamba na kuamuru inakiliwe vilevile. Tukainakili. Mamba akawachekea watu wa upande wa nyumba, meno yote nje. Upande wa pili, kwenye ukanda wa majani unaogawa barabara, watu wakaona makalio. Wanachama waliosimama upande huo walirusha shanga kwa umati uliokwisha kugeuka kutafuta gari linalofuata. Wakanuna hadi Pasaka.

Lakini kilichomuuma Odalie zaidi kilitoka kwa mama yake. Bi Philomène anaishi ghorofani, palepale gwaride linapopita. Magoti yamemgomea, hashuki tena ngazi, kwa hiyo hutazama kutoka roshani, kitini. Siku hiyo Odalie alipanda mbio kumwuliza ameonaje.

"Nimeona vipara," mama akasema. "Vipara na nyaya za mgongo wa mamba. Kazi yako ni nzuri, mwanangu, kwa watu wenye miguu."

Alisema kwa utani, akamkatia mwanawe keki. Odalie akaiacha sahanini. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: mwaka unaofuata, gari limtazame mama yake machoni.

Kapteni alipokuja tena alitaka mwari, yule ndege wa kwetu mwenye mfuko chini ya mdomo, awe mpishi. Odalie akamwonyesha mwari aliyeinua kichwa.

"Anatazama nini huko juu?" Kapteni akauliza. "Mvua?"

"Roshani, Kapteni. Kuna watu huko."

"Walio chini ndio wengi! Wataona nini, kidevu? Bi Odalie, mwaka jana niliwapa watu makalio. Mwaka huu niwape koo?"

Octave akakohoa. Mimi nikajifanya nakoroga gundi. Odalie akavuta karatasi mpya. Yai. Bomba la shingo limeinama nyuma. Sanduku dogo la kichwa, na kabari mbili ndefu za mdomo. Akamgeuza yule ndege kwenye karatasi mpaka tukawa tunamwona kutoka chini, tumesimama barabarani. Hapo hata yeye alishtuka. Chini ya mdomo palikuwa na mfuko mkubwa mtupu, umewaelekea watu moja kwa moja. Akaujaza kaa, kamba na mahindi, miguu ya kaa ikichungulia ukingoni.

"Walio chini wanapata chakula," akasema. "Walio juu wanapata macho. Huku na huku sawasawa. Kuna atakayenuna?"

Kapteni aliigeuza karatasi, kama Octave zamani, halafu akaona aibu akacheka. "Haya, mama. Umenishinda."

Siku ya gwaride nilisimama na Odalie chini ya roshani ya mama yake. Mwari alipokunja kona, watoto walianza kuwapigia kelele wale kaa. Mimi niliangalia kazi yangu ya gundi, sitaki kudanganya. Odalie hakuliangalia gari kabisa. Alimwangalia mama yake.

Trekta ikapunguza mwendo. Yale macho makubwa ya manjano yakafika sawa na roshani, yakamtazama Bi Philomène. Mama akaacha kutafuna. Akashika chuma cha roshani kwa mikono yote miwili, akajivuta, akasimama wima juu ya magoti yale yaliyogoma.

"Bwana wee!" akamwitia mwanachama mmoja garini. "Nirushie na mimi! Mimi sionekani?"

Shanga zikaruka. Akazidaka hewani.

Odalie alinishika mkono kwa nguvu, machozi yanamtiririka.

"Roshani ile nimeichora kila upande," akasema. "Kila mara nilimweka mama kitini."