Mwanamke Aliyetaka Miguu ya Lusajo

Jamani wa kimpumu na wa soda, nisikilizeni! We uliyeng'ang'ania mrija, uachie kidogo, pombe haikimbii. Na asije mtu akasema nimelewa, maana siku ile sikuwa nimeonja hata maji. Haya yalinipata mimi mwenyewe, njia ya Mwaya, alfajiri, jogoo wameshawika. Anayebisha aende akapite pale peke yake, kisha aje tubishane.

Lusajo mnamjua. Mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka juzi. Miguu mirefu kama ya korongo. Akianza kukimbia, kivuli chake kinabaki nyuma kinaomba akingoje. Kwa mbio hizohizo, chuo kimoja cha kule Arusha kikamwita: njoo usome, kula na kulala juu yetu, ila ukifika tunakukimbiza kwanza tuone. Ukishindwa, unarudi kwenu Kyela kupasua kakao.

Sasa mimi nilikuwa na wivu, jamani! Nina mwanangu Gwamaka, wamezaliwa mwaka mmoja. Gwamaka anakimbia pale tu anaposikia sufuria ya wali inafunuliwa. Na kaka naye, kila akija kwangu, hata hajakaa: "Mwanangu anaenda chuo." Nikimwambia jana mvua ilinyesha, ananijibu, "Sijui kama Arusha nako ilinyesha." Mate yananichachia mdomoni. Ingekuwa nyie msingeumia?

Asubuhi ya mwisho kabla ya safari, kaka mgongo ulimbana, akaniomba nimsindikize Lusajo mazoezini na baiskeli. Nikaenda, nimenuna. Ukungu wa ziwani ulikuwa umetanda, hata gurudumu la mbele silioni. Yeye mbele, mimi nyuma nakanyaga pedeli mpaka mnyororo unalia.

Tulipofika pale penye kakao pande zote mbili, nikaona tuko watatu.

Mwanamke. Kijana, na uzuri wake nisiueleze sana, nimeoa. Peku. Kanga imelowa inachuruzika, lakini chini vumbi kavu, hata tone hakuna. Anakimbia bega kwa bega na Lusajo, wala hahemi! Mimi mwenye baiskeli nahema kama mbwa wa kuwinda. Nikamsalimu kiadabu, "Ugonile!" Anakimbia tu. Mtu wa huku asiitikie salamu? Hapo ndipo nywele zikanisimama, na kipara changu mnakiona.

Yule mwanamke akainama huku anakimbia, akampitishia Lusajo mkono kwenye vigimbi. Kijana akapunguza mwendo. Akampitishia tena, akaanza kuchechemea. Akarudia, na Lusajo akaanguka katikati ya njia.

"Miguu! Siisikii! Imekuwa kama ya mtu mwingine!"

"Ni ya mtu mwingine ndiyo," mwanamke akasema. Sauti ya baridi, kama inatoka kisimani. "Ni yangu. Kila asubuhi unapita hapa kwangu, nakaa nakutazama. Leo nasikia unaondoka. Hata kuniaga hujaniaga! Miguu unawapelekea kina nani? Wasichana wa Arusha?"

Wivu huo! Nilivyousikia tu nikautambua, si nami nilikuwa nao tumboni? Na yeye akautambua wangu. Akanigeukia, akatabasamu.

"Na wewe roho inakuuma. Geuza baiskeli, huyu niachie mimi. Kesho mwanao ataamka na miguu hii, na chuo atakwenda yeye."

Niaminini, ningekuwa mwongo ningewaambia nilikataa palepale. Nilimwona Gwamaka kapanda basi. Nikamwona kaka kakaa kimya, mimi ndiye ninayemletea habari za mvua ya Arusha. Utamu ule, jamani! Lakini nikamwangalia mtoto pale chini, anajipiga mapaja kwa ngumi ili aamshe miguu. Nikauliza tu:

"Kwani wewe ni nani wake?"

"Mimi? Mimi ndiye mke wake! Hana mwingine na hatakuwa na mwingine!"

"Baba!" Lusajo akalia, ananinyooshea mkono. "Baba, usiniache!"

Si mtoto wa kaka yangu? Kwetu ni wangu pia, na mimi ni baba yake. Mwanamke alilisikia neno hilo, akaganda. Akamtazama Lusajo, akanitazama mimi, akajua amejimaliza mwenyewe. Nyie wageni mnaopita kwenda Kasumulu niwaambie: kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Akimwona mzee anakuja, anaacha njia, anajificha mpaka apite. Na mzimu ukishalelewa Kyela, umelelewa!

Nikashuka kwenye baiskeli, nikakaza shingo, nikakohoa kile kikohozi cha wakwe.

"Khm! Mkwe, napita hapa."

Haki ya Mungu, alijifunika kanga uso mzima, akaruka kando kama aliyekanyaga siafu, akachuchumaa kwenye kakao, kanipa mgongo. Ukungu ukammeza. Lusajo akasimama, akajaribu mguu huu, akajaribu ule, akatoka mbio ambazo mpaka leo baiskeli yangu haijapona.

Akaenda chuo. Wakamkimbiza, akapita. Kaka sasa hashikiki kwa majigambo, na wivu wangu uko palepale, mzima wa afya. Ila tangu siku ile, kila nikifika kwenye zile kakao, majani yanatikisika mbele yangu bila upepo. Mtu anajisogeza. Siku nyingine nasikia kilio kidogo. Nifanyeje? Nageuzia uso upande wa pili, namwambia "ndaga", yaani asante, kwa heshima yake, napita.

Basi vijana, ukibahatika kuitwa mbali, usiondoke kimyakimya kama mwizi wa kuku. Aga watu. Aga na njia uliyokuwa unapita. Anayekutazama humjui, na wala hujui roho yake inavyomchoma.

Siku nilipomsimulia mke wangu haya yote, nilidhani atalia, au ataita wazee waje tuombe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kashika kiuno, halafu akalipuka:

"Mkwe gani huyo wa kukaa kwenye kakao tu, na mimi napalilia mpunga peke yangu? Anakukimbia wewe, baba Gwamaka, si mimi! Kamwambie mama mkwe anamwita, aje na jembe!"