Bastola Inayong'aa Kupita Kiasi

Mzee niliyekuwa nikimlea Rockville, huko Maryland, Marekani, alikuwa na bastola ya jeshi, aliyorudi nayo kutoka vita vya pili vya dunia. Ililala kwenye droo ya soksi, haina risasi, na mimi niliiona kila asubuhi nikimtafutia soksi mbili zinazofanana. Sikuipenda. Lakini kazi ni kazi, na miaka ile ya tisini mwishoni, wanawake wa Mombasa wenye vyeti vya ualimu tulikuwa tumegeuka mabingwa wa soksi za wazee wa Kizungu.

Mwanawe alikaa California. Simu alipiga Krismasi. Siku moja akatua bila taarifa, mkononi ana bahasha, nyuma yake mwanamume mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Huyo alikuwa mthamini wa silaha za zamani. Mwana alikuwa amesikia kwamba bastola za aina ile, zikiwa bado na rangi yake ya kiwandani, wakusanyaji wanazigombania. Basi ghafla akamkumbuka baba.

Mthamini akaitoa drooni, akahakikisha haina kitu ndani, akaipeleka dirishani, akaguna.

"Inang'aa mno," alisema. "Za jeshi hazikuwa hivi. Zilikuwa za kijivu, zimefifia."

Mwana akageuka. Hakwenda kumuuliza baba yake, alinigeukia mimi. "Ya baba ilikuwa ya kijivu, naikumbuka vizuri. Hii si yake." Kisha, kwa sauti ile ya upole wanayoitoa wakitaka kukumaliza: "Nani mwingine anaingia chumba hiki?"

Loo! Nilikufa ganzi, halafu nikapandwa na moto. Alikuwa ameshashika simu awapigie wale wa kampuni iliyoniajiri. Kwenye kazi yetu jina likichafuka limekwisha. Wale wasingengoja ushahidi, wangenifuta tu, na hakuna nyumba nyingine ambayo ingenifungulia mlango. Eti mimi, niliyeogopa hata kuifuta vumbi, nimeibadilisha! Nyingine niliitoa wapi, sokoni Kongowea?

"Ngoja," nikamwambia, nikaenda kwenye mkoba wangu.

Nilikuwa na daftari. Nilipoanza kazi hii, nesi mmoja wa Nyeri tuliyepanga naye nyumba mtaa wa Takoma Park aliniambia, "Dada, usiingie nyumba ya mtu bila kuandika. Andika mpaka vijiko, na mwenyewe asaini. Hawa watu wakipoteza kitu wanaanza na sisi." Wote tuliandika. Basi la asubuhi lilijaa wanawake wa Kiafrika wenye madaftari, ungedhani tunakwenda mahakamani.

Mwana akalitazama. "Lugha gani hii?"

"Kiswahili. Sikujua kama utakuja kukisoma."

Mthamini, Mungu ampe heri, akaniomba niwasomee. Nikasoma nikitafsiri: bastola moja nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, namba yake hii. Akazifuata tarakimu kwenye chuma kwa ukucha. Zilikuwa zilezile, na chini yake palikuwa na saini ya mzee, imepinda lakini ipo. Mwana akasema daftari lingeweza kuandikwa jana.

"Na bahasha yako je?" mthamini akamuuliza.

Ndani mlikuwa na hati ya jeshi ya baba yake. Ameibeba kutoka California hadi Maryland ili aoneshe bastola ni ya kweli, na hakuwa ameisoma! Namba ilikuwa ileile. Akaiweka simu chini taratibu.

Mthamini sasa akanogewa. Akafungua vibao vya mbao vya mpini, akatuita karibu. Tazameni herufi hizi, alisema, kingo zake zimelainika kwa sababu zimepitiwa na gurudumu la kung'arishia. Matundu ya skrubu yamebonyea pembeni. Chini ya weusi huu kuna vishimo vya kutu ya zamani. Na huku ndani, pasipofika gurudumu, kijivu cha jeshi bado kipo, kimefunikwa na mafuta yaliyokauka yakawa gundi.

"Kazi hii ina miaka thelathini au zaidi," alisema. "Huyu mama hata nchi hii alikuwa hajaiona."

Mzee akatusikia, akaita kutoka kitini kwake sebuleni. Mkewe ndiye aliyetaka ing'arishwe, alisema. Hakutaka kitu kibaya namna ile kilale nyumbani mwake. Kisha akamwambia mwanawe, "Ulikuwepo. Ulisema imependeza."

Nilicheka, wallahi. Sikuweza kujizuia.

"Kwa hiyo thamani yake?" mwana akauliza.

"Kwa mkusanyaji, imekwisha," mthamini akajibu, akavaa koti akaenda zake.

Tukabaki wawili chumbani, mwana kashika bastola, uso umemshuka. Nikasimama nikingoja. Nilikuwa na hakika kuna neno linakuja, maana yeye ni mtu mzima na amesoma. Akaninyooshea ile bastola, mpini mbele.

"Ichukue wewe," akasema. "Zawadi. Kwa usumbufu."

Hapo ndipo nilipoumia hasa, kuliko aliponiita mwizi.

"Samahani je, unayo?" nikamuuliza. "Kama nayo haina thamani, nipe hiyo."

Akaitupa bastola drooni, akaanza kutafuta funguo za gari.